Matawi Yaliyolazwa Njiani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa jikoni na chai yako, si shambani na baridi hiyo ya asubuhi. Kifua kinaendeleaje? Dawa ulimaliza, au uliwagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku ughaibuni, Rooty Hill, ni wazima. Mkwe wako anahangaika na zamu zake za kutunza wazee, mimi ghala linanichosha, lakini tunakula na tunalala. La kulalamikia ni moja, na nimelibeba tangu Jumamosi, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuahidi kwamba Desemba nitakuja na Wakesho. Sikukwambia kwamba mwenyewe hataki. Mjukuu wako amezaliwa huku, na kila nikimtajia Wundanyi ananiuliza atakwenda kufanya nini huko. Kumburuta sitaki, atakuja kukusalimia amenuna. Nikaona nimpeleke kwanza kwenye Milima ya Bluu, maana treni inafika. Kuna njia ya kuzunguka: unashuka bondeni, unapita chini ya maporomoko ya maji, unapanda upande wa pili na kutokea pale pale ulipoanzia. Nilijiambia, akiona baba yake anavyotembea mlimani, atatamani kuona alikojifunzia. Papa Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi ghalani, akajialika.

Mama, usidanganywe na mtu akikwambia huku majira ya kuchipua yameanza. Maua ya manjano yapo, kweli, lakini baridi ya Julai ya huko kwetu haifui dafu mbele ya ile. Mvua ilikuwa imegeuza njia mfereji. Ngazi za mawe zina utelezi wa kijani, maji yanashuka pamoja nawe, na ukisimama kidogo tu ruba wanapanda viatuni. Wakesho alimng'oa mmoja kifundoni bila hata kupiga kelele. Nilifurahi sana moyoni.

Huko chini tukakuta matawi mabichi yamelazwa kukata njia. Sasa wewe niambie, matawi mabichi njiani maana yake nini? Gari limeharibika mbele, punguza mwendo, pita kwa uangalifu. Mtu wa kwetu analijua hilo kabla hajaanza shule.

"Baba, hapa pamefungwa," Wakesho akasema. Anajibu kwa Kiingereza siku zote, nakutafsiria tu.

"Hapajafungwa. Wangefunga, wangeweka kibao."

Papa Furaha akaniunga mkono. "Hata kwetu ni vile. Matawi ni kusema kuko matatizo mbele. Tupite polepole tu."

"Baba, turudi."

Watu wazima wawili tukamshinda mtoto mmoja. Tukayaruka.

Hatukufika mbali. Kwenye kona mlima ulikuwa umeporomoka na njia yote imekwenda nao. Hata hapo sikurudi! Nikajaribu kupita ukingoni, nikazama kwenye tope, na nilipovuta mguu ukatoka bila kiatu. Papa Furaha alichokora na fimbo mpaka akachoka. Wazungu wawili wazee waliokuwa wanapita njia ya juu wakatuona, wakatueleza kwa upole kwamba askari wa msitu huyalaza matawi yale kufunga njia. Upole wao uliniudhi kuliko kama wangenitukana. Ikabidi tuzipande ngazi zile zile, mguu wangu mmoja ukiwa na soksi tu. Nilikasirika, Mama. Niliikasirikia mvua, nikaikasirikia nchi inayofunga njia kwa majani, na nikajikasirikia mwenyewe zaidi, maana niliiona Desemba inaniponyoka.

Kwenye treni Wakesho alitazama mguu wangu niliouvika mfuko wa plastiki. Nilingoja aniambie hakuna cha Wundanyi wala cha Krismasi. Halafu akaniuliza, "Mimi nilikwambia turudi, hukurudi. Nyanya akikwambia rudi, unarudi?"

"Narudi," nikamwambia.

"Hata kama unaona amekosea?"

"Nitabisha wapi? Huyo ni mama yangu."

Akacheka, Mama. Alicheka mpaka Papa Furaha naye akashindwa kujizuia, nami nimekaa hapo na plastiki yangu. Nilikuwa bado nimenuna, na bado nimenuna hadi leo, maana viatu vile nilivipenda.

Msalimie kaka Mwadime, fundi wetu wa mabati, na umwambie asicheke sana. Msalimie shangazi Mkamburi na kwaya yake yote, na mjomba Mwandawiro anayekuletea maziwa.

Nilikuwa karibu kusahau jambo lenyewe. Tuliposhuka kituoni Wakesho alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo, akasema atakuja. Ila ana sharti: huko milimani Wundanyi utatangulia wewe, yeye atakufuata, na mimi nikae nyuma.

Ni mimi mwanao, wa nyuma,
Mwakio