Modemu Iliyosubiri Mlio wa Ulaya

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Sie huku Segerea tupo, ila babu yako bado anakohoa. Umeuliza nani alinifundisha kompyuta. Ni modemu yenyewe, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu.

Baba yangu alikuwa amelazwa hospitalini Bombay, kaka akimuuguza, na modemu ya ofisini kwetu Kinondoni, tuliyopatia barua pepe, ikagoma kupiga simu.

"Achana nayo, dada," fundi wa simu akasema. "Laini imekufa. Unataka kuizika wewe?"

Nikaandika kwenye kompyuta amri ya msaada, ikaniorodheshea amri zake. Ya kuonyesha mipangilio ikafichua kwamba inasubiri mlio wa simu za Ulaya, usiofanana na wetu. Nikaiamuru isisubiri. Ikaunganisha.

Kaka alikuwa ameandika kwamba baba ananiulizia. Nikajibu papo hapo.

Baba alisomewa barua yangu, akaomba arudiwe. Mara ya pili hakuisikiliza hadi mwisho; alikata roho ikiendelea kusomwa.

Bibi yako anayekukumbuka