Gramu Kumi Juu ya Jicho

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Casian amenivuta nywele. Mimi! Miaka ishirini na sita ya unesi katika chumba cha macho, sijawahi kuguswa na mgonjwa.

Kisa ni presha yake ya macho. Alilala, nikamtia ganzi, nikamwambia anyooshe kidole gumba akitazame. Nikamwekea jichoni kile chuma cha gramu kumi chenye wino, kisha nikakipiga kwenye karatasi kama muhuri. Duara jeupe katikati lilikuwa dogo mno. Duara dogo, jicho gumu. Rula ikasema thelathini na sita kulia, thelathini na nne kushoto. Mwisho unaoruhusiwa ni ishirini na sita.

Daktari Eufimia akamwambia hiyo ni glakoma, presha inayomla mtu macho kuanzia pembeni, na isiposhuka cheti cha kuendesha basi la shule hapati. Basi! Akapindua kiti. Akanikamata nywele, akanibamiza kwenye kabati. “Andika ishirini, we kikongwe! Andika!” Nikamtandika trei ya chuma sikioni. Damu ikamtoka. Nilifurahi, kusema kweli.

Daktari kampa dawa ya matone, arudi Ijumaa apimwe tena. Polisi hakuitwa. Casian ni binamu wa meya.

Jumatano, 4 Novemba

Agafia, mke wa Casian, kaja kwa mlango wa nyuma. Mdomo umepasuka. Anaomba chupa nyingine ya dawa — ya kwanza mumewe kamrushia usoni. Hajatia hata tone moja. Nikamwambia akimbilie kwa mama yake. Akasema akienda huko, Casian atawaua wote wawili.

“Dada Zinovia, akilikosa hilo basi atanimaliza.”

Na akilipata? Watoto ishirini na saba humo ndani! Sikumwambia hivyo. Nilimpa chupa.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimefanya upumbavu.

Agafia alikaa kwenye korido, kitambaa kimeshushwa hadi puani. Casian akajilaza kitandani anacheka. “Leo mpole, eeh? Hata yule wangu alikuwa na kiburi kama chako. Jana kafunzwa adabu.”

Chuma kile hakishindiliwi. Unakiachia kikae chenyewe, kwa uzito wake tu. Hilo ndilo la kwanza kufundishwa. Mimi nikakishindilia. Jicho la kulia kwa ajili ya Agafia. “We mama, polepole!” Jicho la kushoto kwa ajili ya nywele zangu. Nilitamani lipasuke. Naandika hivyo hivyo, nilitamani lipasuke!

Nikapiga karatasi bila kutazama. Daktari akaweka rula — akatabasamu. Kumi na nane. Kumi na tisa. “Umeona, Casian? Dawa imefanya kazi!”

Maduara makubwa! Lazima yawe makubwa! Jicho ukilikandamiza linabapa, duara linapanuka, na duara pana kwetu maana yake jicho laini, jicho salama. Nilitaka kumuumiza. Nimempa cheti! Kikagongwa muhuri mbele yangu. Nyani huyo akanibusu mkono.

Jumapili, 8 Novemba

Nilikwenda kwa Daktari kusema. Nikaishia kuuliza habari za mguu wake unaomsumbua. Nikikiri, kazi imekwenda, pensheni imekwenda, pengine na jela. Nimevunja sahani tatu za marehemu mama. Najichukia.

Jumatatu, 9 Novemba

Saa moja u nusu asubuhi. Nimejifungia chumba cha macho, daftari nimelitoa kwenye droo. Naandika ili nisipige mayowe.

Basi lilikuja na watoto wote ndani. Pale mbele ya zahanati Casian akamgonga mbwa wa jirani yetu Bibi Tecla, mbwa mkubwa mweupe, kumeshakucha kabisa, upande wa kulia. Hakumwona kabisa. Akashuka akiwaambia watoto ni shimo! Mbwa analia chini ya gurudumu, yeye anasema shimo.

Nikapanda, nikachomoa funguo. Akanipiga ngumi mlangoni mwa basi, jino limetoka. Nikamng'ata mkono hadi damu, nikakimbia huku watoto wanalia.

Sasa anapiga mlango mateke. Ananiita mwizi, ananiita malaya, anasema atanichinja. Funguo zimo ndani ya soksi yangu. Agafia naye yuko nje, anaomba kwa sauti ndogo nimpe tu, dada, mpe tu.

Daktari Eufimia kafika. Anagonga kwa adabu, katikati ya mateke.

“Zinovia, fungua! Macho ya huyu ni mazima. Si ulimpima mwenyewe? Unamzuilia nini?”

Ubao wa chini umepasuka, kiatu chake nakiona. Daktari anauliza tena. Nimesogea mlangoni, mdomo umejaa damu, na neno la kwanza ni “Nilikishindilia —”