Mchanga wa Korongoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Haneti hatujambo, mtama umeanza kutoa masuke, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kwa nini nimenunua pikipiki mpya ya njia mbovu, uzee huu. Nilipokuwa bwana mifugo kijana, nilikuwa nikimpakia bibi yako kwenye ile kuukuu ya kazini. Tukifika korongoni ananigonga bega, anashuka, anavuka mchanga kwa miguu, kisha anapanda tena. Hakuniamini pale hata siku moja.

Hii mpya inavuka mchanga bila kuyumba, ila nimeinunua tumeshamzika. Jana niliipeleka korongoni. Nilisimama, nikasubiri bega liguswe. Mwishowe nikashuka, nikaikokota mpaka ng'ambo.

Babu yako