Hapa Kila Mtu Anajipakulia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba unisome mpaka chini kabla hujanigombeza, maana naandika nikiwa na mtoto mgongoni na nikiiacha barua hii leo sitaishika tena. Mimi ni mama wa watoto wawili, Denis anayesoma chekechea na Monica ambaye bado ananyonya, ni fundi cherehani hapa Pasua, mume wangu Sirili ni dereva wa kampuni moja inayopeleka wageni mlimani, na mama yake, bibi Mektrida, anakaa Kibosho kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, alichoachiwa na marehemu baba mkwe. Ugomvi wetu umetokana na chakula, tena chakula cha bure.

Kulikuwa na wageni wa kampuni ambao walikuwa wamalizie safari yao pwani, mlima ukawashinda wakaugua wakarudi kwao, na vyumba vyao viwili huko hotelini vilikuwa vimeshalipiwa pamoja na kula na kunywa kila kitu, wala hoteli hairudishi, basi bosi akamwambia Sirili badala ya vyumba kulala vitupu chukua familia yako uende. Sirili akasema mama yake hajawahi kuiona bahari, nami nikakubali kwa moyo mweupe, Mungu ananiona, kwa sababu mama huyu ndiye aliyenilea uzazi wote wawili. Kwa wasiojua, kwetu mwanamke akijifungua hashiki mwiko, anakaa ndani, na mama mkwe ndiye anayempikia mtori, ndizi na nyama zinapondwa pamoja na supu yake mpaka zinakuwa kama uji mzito, halafu anamletea bakuli mkononi. Mimi nililetewa. Hapo sina la kumlaumu.

Tulipofika mapokezi msichana akamfunga kila mmoja wetu kikuku cha plastiki cha kijani. Mama akauliza cha nini, Sirili akamweleza kuwa ni alama ya kwamba umelipiwa, ukiwa nacho unakula mahali popote. Mama akakigeuzageuza akasema Kibosho anayefungwa alama ni ng'ombe wa mnadani.

Sasa mshauri, ile hoteli ina sehemu za kula nyingi mpaka unachoka kabla hujala. Kuna ukumbi mkubwa wenye meza ndefu zilizopangwa vyakula, mtu anachukua sahani anazunguka anajipakulia apendacho, akitaka anarudi tena hakuna anayemtazama. Kuna banda la ufukweni wanapochoma samaki, kuna mgahawa wa Kiitaliano ambao lazima uandikishe jina asubuhi ndipo jioni wakuhudumie mezani, na kuna kibanda kando ya bwawa la kuogelea, chipsi na soda kutwa nzima. Jioni ya kwanza tukaenda ukumbini, na mimi nikuambie ukweli, tangu Monica azaliwe sijawahi kula chakula kikiwa cha moto, nakula wakati wengine wanaosha mikono, basi nilipoona ule wali na yule kuku na mvuke unatoka nikachukua sahani, nikapakua, nikakaa, nikala kwa mkono mmoja mtoto akiwa kwenye mkono mwingine. Mama alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Nilidhani anasali. Nilipofika nusu ya sahani ndipo nikaelewa kwamba anasubiri.

Sirili akainuka amletee, mama akamwambia kaa chini, mwanamume hampakulii mama yake na hali mke wake yupo hai. Hapo ndipo nikasema lile neno. Sikulisema kwa ubaya, nililisema kwa uchovu.

"Mama, hapa kila mtu anajipakulia."

Akaniangalia, akasema, "Anayejipakulia ni yule asiye na mtu."

Akanywa chai tu, kwa sababu chai inaletwa na mhudumu na birika lake. Kesho yake mimi nikaona nikianza kumpakulia itakuwa nimekiri kosa, nikaacha. Sirili akampeleka kwenye banda la ufukweni, akaonyeshwa pweza, akasema hali kitu ambacho hakijaamua kina miguu mingapi. Mchana ukumbini walichoma mbuzi mzima, mzungu mmoja mwenye kaptula akaja akajikatia kidari, mama akaniuliza yule ni mkubwa wa ukoo gani, maana kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe na kidari hakichukuliwi, mtu anapewa. Nikamjibu ni mtalii tu. Akasema, "Maskini," na alimaanisha kweli. Jioni tukaandikisha jina kwa Waitaliano, kijana akamletea tambi kwa heshima zote na shikamoo juu, mama akaitikia marahaba, akamuuliza kwao ni wapi, kijana akasema Muheza, mama akamwambia amsalimie mama yake kwani amelea vizuri. Tambi zenyewe alikula kidogo akasema huu ni mtori uliokataa kupondeka. Kwa hiyo katika hoteli ambayo watu wanatoka Ulaya kuja kula, mama mkwe wangu aliishi kwa chai, mkate na ndizi mbivu alizotoka nazo Kibosho kwenye kikapu.

Siku ya mwisho ndiyo akaniaibisha kabisa. Tumekaa ukumbini, ghafla akainuka mwenyewe akachukua bakuli, nami nikamnong'oneza Sirili kwamba hatimaye njaa imemfundisha. Akaenda kwenye ndizi za nazi akazichagua moja moja na kuzikung'uta nazi, akaenda kwenye supu akachota na vipande vya nyama, akarudi mezani, akachukua uma na kitako cha glasi akaanza kuponda. Ukumbi ule una vitambaa vyeupe mezani, mshauri. Meza ya jirani wakageuka wote, mtoto wao akanyoosha kidole. Alipomaliza akalisukuma bakuli mbele yangu akasema, "Kula, unanyonyesha."

Nikahisi uso unawaka. Nikalirudisha, nikasema, "Mama, nimeshiba." Na nilikuwa nimeshiba kweli. Bakuli likakaa katikati ya meza hadi mhudumu alipokuja kuliondoa.

Tangu turudi mama hana jibu jingine. Nikimwomba anishikie Monica ninapozidiwa na sare za shule, ananijibu kila mtu ajipakulie. Sirili alipouliza kama aende kukarabati banda la ng'ombe, kila mtu ajipakulie. Nasikia hata katekista alimwomba ushauri wa maua ya kanisani akapewa jibu hilohilo. Na sasa Krismasi inakaribia. Kwao siku hiyo mama anasimama penye sufuria, anamwita kila mke wa mwanawe kwa jina, naye aliyeitwa anakwenda kupokea bakuli lake kwa mikono miwili mbele ya ukoo wote. Mwaka huu ametuma neno kwamba mimi nije nikitaka, lakini hataniita. Wake wa shemeji zangu wataitwa wote, mimi nitabaki nimekaa, na mwanamke asiyeitwa pale hana tofauti na aliyekwisha kurudishwa kwao. Sirili anasema tubaki Pasua tuchinje kuku. Mimi naona nisipokwenda mwaka huu, mwaka kesho sitakuwa na mahali pa kwenda. Na kile kikuku hajakikata mpaka leo, anakwenda nacho misani, najua anataka watu waulize ili asimulie.

Mshauri, niende nisiende? Na kosa langu ni lipi, mimi niliyetaka kula nimekaa?

Mama Denis niliyechoka,
Pasua, Moshi.

JIBU

Mama Denis,

Nimekusoma mpaka chini kama ulivyotaka, kwa hiyo sasa nina ruhusa.

Kwanza pole. Mwanamke anayenyonyesha, anayeshona sare za nusu ya Pasua, akiona wali unatoa mvuke na akakaa akaula, hajamkosea mtu. Ningekuwepo ningekuongezea kuku. Na kabla sijakugeukia, nina neno na Sirili, msomee kwa sauti. Baba Denis, mama yako alikukataza kupakua, hakukukataza kubeba mtoto. Mkeo alikuwa anakula kwa mkono mmoja na wewe ulikuwa na mikono miwili mitupu. Ungempokea Monica, mkeo angemaliza sahani yake akiwa mtu, angeinuka akampakulia mama kwa hiari yake, na mimi leo ningekuwa najibu barua ya mtu mwingine. Hayo ya kubaki Pasua na kuchinja kuku uyaache. Kuku hatatui kitu hapo.

Sasa wewe. Unajitetea kwa habari ya jioni ya kwanza, na unahangaika na lile neno lako. Neno lile lilikuwa kavu, lakini mama mkwe amelea watoto na wake za watoto, ameshasikia makavu zaidi. Kosa lako si la jioni ya kwanza. Kosa lako ni la siku ya mwisho, na umeniandikia mwenyewe bila kuliona, umeliweka kwenye fungu la aibu zako.

Hebu rudi pale. Mama alikwambia anayejipakulia ni yule asiye na mtu. Wewe ulisikia anajisema yeye. Lakini nani alikuwa anajipakulia pale mezani, mama mkwe? Si yeye. Yeye alikuwa anakunywa chai. Aliyekuwa anazunguka na sahani peke yake, mtoto begani, kila mlo, ni wewe. Alikaa akakutazama mlo baada ya mlo, mke wa mwanawe hana mtu, mwisho akashindwa kuvumilia. Unasema njaa ilimfundisha. Njaa ingemfundisha ingempeleka kwenye kuku, na angekula yeye. Mwanamke huyu alikuwa na njaa kuliko watu wote katika ukumbi ule, na siku aliyoshika bakuli kwa mara ya kwanza hakujipakulia. Alitafuta ndizi mahali pasipo ndizi zake, akazikung'uta nazi, akaponda kwa kitako cha glasi mbele ya vitambaa vyeupe, akakutengenezea mtori wa mzazi, kwa sababu anajua bado unanyonyesha. Yaani alikuja kuwa mtu wako.

Ukamwambia umeshiba.

Tumbo lilikuwa limeshiba, sibishi. Lakini tangu lini mtori wa mama mkwe unapimwa kwa tumbo? Hata kijiko kimoja, mama. Ulimwonea aibu mtoto wa watu anayenyoosha kidole, ambaye hutamwona tena maisha yako, ukamwaibisha mtu aliyekushika mkono Monica akizaliwa. Kwa hiyo anaposema kila mtu ajipakulie hakutanii. Anarudia ulichomfundisha mara mbili, mara ya kwanza kwa maneno na mara ya pili kwa bakuli.

Kuhusu kikuku. Mwanamke anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi hakosi cha kukatia plastiki. Angekuwa amekufungia mlango angekikata siku mliyorudi. Amebaki nacho kwa sababu mwanawe na mkewe walimchukua wakaenda kumwonyesha bahari, na hiyo, pamoja na yote, anataka watu waione misani. Acha kumfikiria vibaya mtu aliyevaa zawadi yako.

Basi utakwenda. Lakini usingoje Krismasi, kwa maana siku ile ukoo mzima utakuwa unatazama, na mama aliyekwisha kutuma neno hawezi kulirudisha mbele ya watu. Nenda Jumamosi moja kabla, wewe na Monica tu. Sirili abaki na Denis na ashinde naye, ajue siku inakuwaje. Usibebe sukari, usibebe kitenge, atadhani umekuja kununua. Na asubuhi hiyo usile. Panda Kibosho na njaa yako.

Ukifika umwamkie, ukae jikoni, si sebuleni. Atakwambia kila mtu ajipakulie. Usijibu. Chukua bakuli, mpakulie yeye kwanza, chochote kilichomo sufuriani, umpe kwa mikono miwili. Halafu wewe ukae chini na mikono mapajani, kama alivyokaa yeye, na usijipakulie hata punje. Sufuria litakuwepo na njaa itakuwepo. Kaa tu. Monica akilia mnyonyeshe hapohapo, aone.

Sijui atakuacha kwa muda gani. Akiwa na hasira sana ataosha vyombo kwanza. Lakini namjua mwanamke wa namna hiyo, hawezi kumtazama mzazi mwenye njaa jikoni kwake. Akikupa usianze na samahani ndefu, wala usimweleze habari za uchovu, hayo utamwambia ukishakula, na umwambie kweli, kwamba umechoka na unahitaji akushikie mtoto, maana na yeye hakuzaliwa akijua yaliyo moyoni mwako. Kwanza pokea. Liseme lile neno la asante ambalo ulitakiwa kulisema hotelini badala ya kushiba, kwa lugha yake mwenyewe: aika, mama.

Kisha ule umalize, na bakuli umrudishie akuongezee.