Ushuhuda Nilioutia Chumvi

Nachingwea. Jumamosi, mwezi wa Juni, 1951.

Tangu asubuhi ni upepo mkavu, na vumbi jekundu la matrekta ya mashamba ya karanga limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Nina aibu. Naliandika neno hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Kesho baada ya ibada padri ataniombea mbele ya watu, na Jumatatu napanda lori kwenda chuo cha walimu wa dini. Miezi mingi nilikuwa namwuliza Mungu: umeniumba nifanye nini? Nipake grisi matrekta mpaka nizeeke? Nilisali, nikafunga, kimya. Jibu likaja siku ile niliyotoa ushuhuda kanisani. Leo nimeona lilikotoka.

Siku ile walinitangulia watu wawili, wakaliza kanisa zima. Mimi nilikuwa na nini? Mtoto wa Waislamu wa kijiji cha Kiegei, nimekuja kutafuta kibarua, nikajifunza kusoma Injili kambini, nikaipenda, nikabatizwa jina la Yohana. Basi. Nikaona mzee mmoja anapiga miayo. Nikasema, "Baba akanifukuza." Mama Agnesi, kiongozi wa akina mama, akashika kifua. Lo! Nikaongeza panga. Nikaongeza usiku, nikaongeza na mvua. Mvua ya Agosti, katikati ya kiangazi, Nachingwea hii! Hakuna aliyeuliza.

Padri akasema Mungu ana kazi na kijana aliyempoteza baba kwa ajili yake. Ndivyo nilivyochaguliwa. Na mimi mjinga nikaanza kuamini. Nilipokuwa nikisali nilikuwa najionea huruma kabisa.

Ukweli ni huu. Nilipomwambia baba kwamba nabatizwa, alikuwa anakung'uta ufuta. Akaendelea kukung'uta. Siku mbili hakusema nami. Ya tatu akasema, "Umeshakuwa mtu mzima, Hamisi. Lakini hapa ni kwenu, sahani yako ipo." Mama alilia kidogo. Nilikula nikashiba, nikaondoka mchana kweupe na korosho mfukoni.

Leo saa nane nimemwona baba amesimama kwenye uwanja wa kanisa.

Ametembea siku mbili kutoka Kiegei, na huu ni mwezi wa Ramadhani. Kichwani ana mkeka mpya aliousuka mama, begani mfuko wa ufuta. Alisikia sokoni kuwa naenda shule, akaona nisiende mikono mitupu. Mama Agnesi na wenzake walikuwa wanafagia kwa ajili ya kesho. Wakamletea uji. Akaukataa kwa adabu, mkono kifuani. Wakatazamana. Niliwasoma machoni: bado ana kinyongo, hataki kula cha Wakristo. Mimi nilijua amefunga. Neno moja tu lingetosha, "Amefunga, jamani," na sikulisema. Niliogopa mazungumzo yakianza yatafika kwenye panga.

Yakafika yenyewe.

Mama Agnesi hana ubaya hata kidogo. Alimwambia kwa upole, "Mzee, tulisikia ulivyomfukuza Yohana kwa panga usiku wa mvua. Na leo umemletea mzigo mwenyewe! Mungu ni mkubwa."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hasira tu, mama. Nilikosa. Mnisamehe."

Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi, ee Bwana, nikatabasamu. Hilo linanichoma kuliko uongo wenyewe.

Nikamsindikiza mpaka nje ya mji. Nilingoja anigombeze, bora hata angenizaba kofi. Njia nzima alizungumza habari za nguruwe wanaofukua mihogo. Tulipoagana akasema, "Mama yako anauliza, huko shuleni maji yako karibu?" Nikasema sijui, baba. "Ukijua, tuletee habari." Akaenda zake.

Sasa jua linazama, naye yuko njiani, labda anafuturu kwa maji ya watu asiowajua. Mzee mzima, tena na saumu yake, nimemfanya aseme uongo ili anisitiri mimi. Astaghfirullahi! Limenitoka hivyo hivyo, na ubatizo wangu haukulizuia.

Watoto wa kanisa nawafundisha Amri Kumi. Ile ya kuheshimu wazazi na ile ya kutoshuhudia uongo nimezivunja zote mbili kwa mpigo, mbele ya madhabahu.

Najua na maneno ya kujitetea. Nikisema kweli, chuo kitanipita, padri ataaibika, na hata hivyo Mungu si anaweza kumtumia mtu yeyote? Shetani anajua kupanga hoja, bwana. Nilikuwa nauliza Mungu ananitaka niwe nani, kumbe nilitaka kuwa mtu wa kupigiwa vigelegele. Huenda ameniita kweli. Huenda ameniita nipake grisi matrekta na nisiseme uongo. Sijui.

Padri ameniomba kesho niurudie ushuhuda ule kabla ya maombi. Nitasimama. Nitasema yule mzee mliyemwona jana hakunifukuza, hajawahi kuniinulia hata fimbo, na uji wenu aliukataa kwa sababu alikuwa amefunga. Wakiguna, waache wagune. Wakininyima chuo, wana haki.

Kisha, niende chuo nisiende, nitakwenda kwanza Kiegei, hata lori la Jumatatu likiniacha. Ya kuliambia kanisa ninayo. Baba nitamwanzaje?