Bao la Goti

Kapseret

Kwako mjukuu wangu Kiprono,

Huku tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu, na ile ng'ombe nyeusi imezaa ndama jike. Umeniuliza nani ana haki katika ubishi wenu huko: anayetaka timu icheze vizuri, au anayetaka kombe tu.

Nikiwa kijana tulipoteza fainali mbili, na wote walikubali sisi ndio tulicheza vizuri zaidi. Ya tatu tulicheza Ainabkoi, uwanja ukiwa matope matupu. Kapteni akaniambia, "Leo wacha chenga. Piga mbele tu." Niliudhika, kwa maana watu walikuja kuona chenga zangu, lakini nilitii. Dakika ya mwisho mpira ulinigonga goti, ukaingia golini. Hata sikuuona.

Tulibebwa mabegani mpaka barabarani. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuja uwanjani, alilipokea kombe mlangoni kwa mikono miwili.

"Ulifungaje?"

"Kwa goti, baba."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaita majirani wote.

Mimi bado napenda chenga, Kiprono. Lakini chenga zangu zote hazikuwahi kumfurahisha baba namna ile.

Ni mimi babu yako