Mgagani Wako Umekubali Ndoo

Mama yangu,

Nakuandikia huku Milembe amelala kifuani, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinigombeze. Ningesubiri nimlaze vizuri kwanza, ila habari yenyewe haisubiriki. Mgagani wako umezaa. Ule ule wa shina jekundu uliokuja nao kutoka Usukumani, umezaa hapa Mikumi, kwenye ndoo za rangi, nyuma ya bafu la nyumba ya kupanga. Asubuhi nimeyaona maganda yamejaa nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka jirani akatoka kuuliza nani anaolewa.

Unakumbuka tulivyofika Ulaya, kile kijiji chetu, siyo ya Wazungu? Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu vumbi la ng'ombe na baba anauliza njia. Hata nyumba haijaezekwa, wewe ukafungua fundo la kanga, ukamwaga mbegu nyuma ya zizi la ndama. Wanawake wa pale wakaja kukuangalia, wakacheka. Walisema wao mgagani wanaupalilia uwaondokee kwenye mahindi, sasa huyu mgeni anaupanda. Wewe ukawajibu kwa Kiswahili chako cha kuokoteza kwamba mgeni anakuja na mdomo wake. Baadaye siku ya gulio wale wale walikuwa wanakusubiri ushuke kwenye baiskeli ya baba, wakigombania mafungu. Walikuwa wameshaujua ukilazwa na maziwa usiku kucha, uchungu wote umekwisha.

Kazi yangu ilikuwa maua. Kila asubuhi kabla ya shule unanituma nikavunje vichwa vya maua. "Ukiliachia ua," ulikuwa unasema, "jani linakuwa kamba." Nilikuwa nachukia, mama. Ule utomvu ulininata vidoleni, na darasani wenzangu waliziba pua wakiniita beberu. Lakini nilivunja, maana wewe hukuwa mtu wa kusema mara mbili.

Ulipotutoka, baba aligeuza shamba lote likawa mahindi matupu. Simlaumu, mboga za majani hakuziweza. Nyuma ya zizi pakalimwa, na mgagani wako ukaishia pale. Kikabaki kile ulichokuwa umekifunga kwenye kona ya kanga, na kanga nilipewa mimi. Nilihama nayo kuja kuolewa Mikumi sijaifungua. Niliogopa. Mbegu ikiwa kwenye fundo bado ni yako. Nikiipanda ikafa, basi tena.

Milembe ndiye aliyenifanya nifungue. Nilipojifungua, mume wangu hakubisha hata kidogo tukampa jina lako, na siku hizo hizo nikashikwa na hamu ya mgagani, hamu ya kulia machozi. Walininunulia sokoni. Ulikuwa mgagani, siwezi kusema haukuwa, lakini ni ule wa shina la kijani, na ulimi wangu ukaukataa. Nikasema potelea mbali. Nilimwomba mume wangu ndoo kuukuu za rangi kwenye gereji anakotengeneza pikipiki, nikatafuta udongo, nikamwaga mbegu zote. Zote, mama. Ningekuwa nimelala vizuri ningebakiza.

Ziliota haraka hadi nikaogopa. Kuku wa jirani wakaanza kuzizungukia, nikachukua chandarua chetu cha zamani nikafunika. Kisha nikafanya kosa la mtu anayependa kupita kiasi: maji asubuhi, maji mchana, maji jioni, na samadi mbichi ya kuombaomba. Ndoo zenyewe sikuwa nimezitoboa chini. Miche ikarefuka kama nywele, myembamba, imeinamia upande wenye mwanga. Majani yakawa manjano. Halafu ikaanza kulala mmoja mmoja, shina limenywea pale pale linapotoka kwenye udongo. Nilikuwa namnyonyesha mtoto huku naihesabu kwa macho, na kila nikiangalia imepungua.

Kwenye duka la pembejeo walinishauri mbolea ya kukuzia. Mume wangu naye akasema niweke, kwani mtu mgonjwa si anapewa dawa? Nilishaitoa hata pakiti kwenye mfuko. Ndipo nikakukumbuka na yule ndama wa kuhara. Watu wote walikuwa wanakwambia mnyweshe uji, mpe hiki, mpe kile. Wewe ulimtoa kwenye tope, ukamlaza pakavu, ukakaa. Nilipokuuliza mbona humpi kitu, ukanijibu, "Mgonjwa halishwi kwa haraka yako wewe."

Nikairudisha ile pakiti kwenye mfuko. Nikachoma msumari kwenye jiko, nikatoboa ndoo chini, maji machafu yakatoka yananuka. Iliyokwisha lala nikaing'oa na udongo wake, nikatupa mbali. Samadi nikaikwangua juu. Ndoo nikazisogeza zipate jua la asubuhi, na ile mirefu nikaiwekea udongo mkavu shinani iegemee. Halafu nikafanya lililonishinda maisha yangu yote: nikaacha. Nilikuwa naingiza kidole kwenye udongo, nikikuta unyevu naondoka bila kumwaga kitu. Kuondoka huko, mama, ni kazi kuliko kulima.

Na ilipona. Siyo yote. Lakini kuna asubuhi nilifunua chandarua nikakuta katikati ya yale majani ya manjano kuna jani jipya, kijani cha kung'aa, vidole vyake vitano vimekunjuka. Nilimwinua Milembe nikamwonyesha. Alitema maziwa begani kwangu. Ndiyo shukrani yake.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ungecheka mpaka ushike mbavu. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Vidunda, milimani, kuja kunisaidia mtoto. Ni mtu wa kanisa na wa taratibu. Nilikuwa simwambii habari za ndoo, niliona aibu kumweleza mtu mzima kwamba nauguza mboga. Yeye akawa ananiona nanyata nyuma ya bafu, nafunua chandarua, nachungulia, nafunika. Akaenda kuangalia mwenyewe. Akakuta majani ya vidole vitano, yamefichwa. Hakuniuliza. Aliomba Mungu kwanza, kisha akabandika maji jikoni. Mimi nikadhani ni ya kumwogeshea mtoto.

Nilipotoka na beseni nikamkuta amesimama juu ya ndoo zangu na sufuria inatoa mvuke, chandarua ameshakivuta pembeni.

"Mama, shikamoo," nikasema, ingawa tulishaamkiana. Sikujua pa kuanzia. "Weka chini hiyo sufuria."

Akasema marahaba bila kugeuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, majirani wasisikie, kwamba hajaja kunitukana. "Mwanangu, maisha yakiwa magumu tuambie tukatafute mahindi Vidunda. Usilime bangi. Polisi hawaangalii kama unanyonyesha."

Najua mkwe hajibiwi, mama. Ulinifundisha wewe. Lakini miguu yangu ilikwenda yenyewe, nikasimama kati yake na ndoo, mtoto mgongoni, nikamwambia tena aweke sufuria chini, na kwamba akimwaga atakuwa amemmwagia mama yangu. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akanitazama sana. Akaiweka.

Nikachuma jani moja nikampa. Alilisugua kiganjani akanusa. Akanusa tena.

"Huu si mgagani?"

"Ni mgagani, mama."

"Mgagani unaoota wenyewe mpaka kwenye kifusi?"

Nikasema ndiyo.

"Na chandarua mmeuvalisha." Akakaa kwenye ndoo tupu, akajifuta jasho. "Wasukuma nyie. Siku ng'ombe akiumwa mnampeleka kulala hoteli ya mbugani."

Tulicheka mpaka maziwa yakanitoka, blauzi ikalowa. Maji yale tulimwogeshea Milembe. Nilimsimulia habari zako zote, Ulaya, zizi, baiskeli. Tangu hapo ndoo zikawa na walinzi wawili, na kuku wa jirani wanajua mkono wa mwanamke wa milimani ulivyo.

Ila mgagani uliougua utotoni hauna subira. Mfupi bado, haujafika hata gotini kwangu, ukaanza kutoa maua. Kila asubuhi vidole vyangu vilikuwa vinakwenda vyenyewe kuvunja. Mama mkwe naye akasema vunja, upate majani, ule, si ndiyo hamu yako? Na hamu ninayo kweli, hata sasa hivi naandika mate yananijaa. Lakini nilikaa nikafikiri: nikivunja nitakula sufuria moja ya majani yako, halafu nitakuwa nimekumaliza. Nikamwambia hapana, huu hauliwi. Alinuna kidogo. Na wewe, kama ulinuna huko uliko, utanisamehe. Ni mara ya kwanza umeniambia vunja ua na mimi nikaliacha.

Maganda yamesimama kama vidole vyembamba. La kwanza leo limekuwa kahawia, nimelifunga kitambaa lisije likapasuka likamwaga. Nimelitikisa karibu na sikio, limelia ndani. Mbegu nyingi kuliko ulizoniachia, mama, na hilo ni ganda moja. Mama mkwe ameshaomba za kupeleka Vidunda. Nimemwambia asubiri, atapata, ila sitoi hata moja kabla sijajua kwamba inaota. Nimempigia na baba. Akasema nyuma ya zizi mwaka huu hatapalima.

Natamani kuzimwaga leo leo. Lakini ulinifundisha kwamba mbegu changa ya mgagani haioti hapo hapo, lazima ipumzike kwanza, na anayeilazimisha anaipoteza. Basi nimezipatia mahali pakavu. Mvua zikija Milembe atakuwa anatembea, nitamshika mkono mpaka Ulaya.

Mpaka hapo ziache zilale. Na wewe lala, mama. Wabeja, asante.

Ni mimi mwanao,
mama yake Milembe